Inua Jamii, msamaha wa ushuru au msaada wa Baraza: mwenye ulemavu nchini Kenya abishe mlango upi?

Shilingi 2,000 kwa mwezi ndicho kiasi ambacho mpango wa Inua Jamii huipa kaya inayomtunza mtu mwenye ulemavu uliokithiri nchini Kenya, na kiasi hicho kimekaa pale pale kwa zaidi ya miaka kumi, ilhali unga, nauli, kodi ya nyumba na nepi za watu wazima havikukisubiri. Mwajiriwa mwenye ulemavu ambaye mapato yake ya kutozwa ushuru ni shilingi 150,000 huachiwa na serikali hiyo hiyo zaidi ya shilingi 37,000 kila mwezi, si kwa kutiwa chochote mkononi bali kwa kutotozwa ushuru wa mapato. Katikati yao yuko fundi cherehani anayetembea kwa magongo, asiyehitaji mlezi wa kutwa na asiye na karatasi ya mshahara, ambaye huenda asipate hata kimoja kati ya hivyo viwili lakini akapewa cherehani na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Hiyo ndiyo milango mitatu ninayoilinganisha hapa. Watu wengi huchagua mlango kwa kutazama ulemavu wenyewe, wakiuliza kama asiyeona hupewa zaidi ya asiyesikia, au kama mwenye ualbino huhesabiwa. Ulemavu ndio unaokuingiza uani, lakini kinachoamua mlango gani utafunguka ni maswali mengine kabisa: pesa za nyumba hiyo zinatoka wapi, nani anakaa na mgonjwa mchana kutwa, na mwombaji ana umri gani.

Kabla ya mlango wowote kuna hatua moja ambayo haikwepeki kwa mtu anayetaka kuwa na chaguo, nayo ni kupimwa ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa na kusajiliwa na Baraza. Bila usajili huo hakuna msamaha wa ushuru wala msaada wa Baraza. Na kwa Inua Jamii, mwombaji aliyekwisha kupimwa hupunguza ubishi juu ya ulemavu wake, ubishi ambao huwa mkubwa zaidi pale ambapo ulemavu hauonekani kwa macho, kama ule wa akili au wa kifafa kisichodhibitika. Msomaji aangalie pia mwaka wa mwongozo anaoutumia, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyolianzisha Baraza, imekwisha kufuatwa na sheria mpya ya 2025, na maelezo mengi yanayozunguka mitandaoni bado yanataja vifungu vya ile ya zamani.

Elfu mbili za kila mwezi

Fedha za Inua Jamii kwa ulemavu uliokithiri zilianza kutolewa mwaka 2011, baada ya zile za mayatima na watoto walio katika hali ngumu kutangulia mwaka 2004. Neno "uliokithiri" lina uzito wake. Halimaanishi ulemavu unaomsumbua mtu sana, bali ule unaomfanya ahitaji mtu wa kumlisha, kumwogesha, kumgeuza kitandani au kumlinda saa zote, kiasi kwamba mtu wa pili katika nyumba hiyo naye hawezi kwenda kutafuta riziki. Kwa maneno mengine, serikali hulipa kwa sababu ulemavu mmoja umezuia mapato ya watu wawili, na ndiyo maana pesa hupokelewa na mlezi kwa niaba ya mwenye ulemavu.

Masharti mengine ni ya umaskini: kaya iwe maskini, isiwe na mtu anayepokea pensheni au mshahara wa kudumu, na isiwe tayari inapokea fedha nyingine za Inua Jamii. Uteuzi huanzia mashinani, kwa chifu na naibu wake, wazee wa mtaa na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, na majina hujadiliwa mbele ya jamii. Utaratibu huo una faida, maana jirani anamjua mgonjwa aliyefichwa chumbani kuliko kompyuta ya Nairobi inavyoweza kumjua. Lakini una kasoro pia, kwa sababu familia isiyohudhuria baraza la chifu, au iliyohamia mtaani juzi, husahaulika kwa urahisi.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, ni uchache wa nafasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 916,692 wenye ulemavu waliofikia umri wa miaka mitano na zaidi, sawa na asilimia 2.2, ilhali kwa miaka mingi mpango huu ulihudumia kaya takriban 47,000 peke yake. Kutimiza masharti, kwa hiyo, si sawa na kupata. Usajili hufunguliwa kwa awamu, na aliyekosa awamu moja husubiri nyingine bila kuambiwa ni lini. Malipo nayo yamezoeleka kuchelewa, yakaja kwa mkupuo wa miezi miwili au zaidi, jambo linaloifanya kaya iishi kwa mkopo wa dukani na kulipa deni siku pesa zinapoingia.

Kuhusu gharama ya maisha, hesabu ni fupi na chungu. Julai 2022, bei ya pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipokuwa imevuka shilingi 200, serikali iliweka ruzuku ya muda iliyoishusha hadi 100. Mpokeaji wa Inua Jamii aliyekuwa akinunua pakiti ishirini kwa bei ya ruzuku alirudi kwenye pakiti kumi, au chini yake, ruzuku ilipoondoka. Mwaka uliofuata ushuru wa ziada ya thamani kwa mafuta ulipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba 2023 petroli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita. Kwa familia yenye mtoto wa kiti cha magurudumu, asiyeweza kupanda matatu bila kulipiwa nafasi ya kiti chake, kupanda kwa nauli si jambo la pembeni. Ndiko kunakoamua kama atafika kliniki mwezi huo. Hata hivyo elfu mbili hizo hubaki elfu mbili, kwa kuwa hakuna utaratibu unaozifunga na mfumko wa bei. Ukizigawa kwa siku thelathini unapata shilingi 67 hivi.

Ushuru usiotozwa

Mlango wa pili ulifunguliwa kwa amri ya mwaka 2010 inayomsamehe mtu mwenye ulemavu ushuru wa mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi, yaani shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Anayezidisha hapo hulipa kwa ile ziada tu, na anaweza pia kuondolewa kwenye hesabu ya ushuru hadi shilingi 50,000 kwa mwezi za matumizi ya utunzaji wa nyumbani, dawa na bidhaa za usafi zinazotokana na ulemavu wake, jambo lenye maana kwa wachache walio na mshahara wa kiwango hicho.

Msamaha huu hauna nafasi zilizohesabiwa: kila anayetimiza masharti anastahili, na hilo pekee linautofautisha sana na Inua Jamii. Lakini una kazi ya makaratasi. Mwombaji awe na kadi ya Baraza, ripoti ya daktari, barua ya mwajiri, na nambari ya PIN ya mamlaka ya ushuru, KRA, isiyo na marejesho yaliyosahaulika. Kisha atume ombi kupitia iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, na asubiri kuchunguzwa. Cheti cha msamaha anachopewa kina muda wake, na aliyesahau kukihuisha hushtukia mwajiri amerudi kumkata kama zamani. Wala cheti hakimwondolei wajibu wa kuwasilisha marejesho ya kila mwaka kabla ya Juni 30. Faini ya mtu binafsi anayechelewa huanzia shilingi 2,000, ambazo, kama msomaji amekwisha kuona, ni mwezi mzima wa mlezi wa Inua Jamii.

Jambo moja huwavunja moyo waliopata cheti hivi karibuni, nalo ni kwamba msamaha unagusa ushuru wa mapato peke yake. Makato ya bima ya afya ya jamii ya asilimia 2.75, yaliyoanza Oktoba 2024, na ya nyumba za bei nafuu ya asilimia 1.5, huendelea kama kwa mfanyakazi mwingine yeyote. Asitarajie, basi, kwamba mshahara wake wote utafika benki mzima.

Mizani ya shilingi kwa shilingi

Thamani ya msamaha huu inategemea mshahara, na ndipo ulinganisho unapoanza kushangaza. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 2023, shilingi 24,000 za kwanza za mapato ya mwezi hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na zinazopita hapo, hadi kufikia 500,000, hutozwa asilimia 30. Baada ya hapo kila mlipa ushuru hupunguziwa shilingi 2,400. Mwenye mapato ya 24,000 yanayotozwa ushuru, kwa hiyo, hakuwa akilipa chochote hata kabla ya cheti, na kwake msamaha ni karatasi tu. Mwenye 60,000 huokoa takriban shilingi 10,383 kwa mwezi, na mwenye 150,000 huokoa takriban 37,383. Mahali ambapo msamaha wa ushuru unakuwa sawa kabisa na Inua Jamii ni kwenye mapato ya shilingi 32,000, kwa kuwa ndipo ushuru unaosamehewa unapofika elfu mbili.

Nalitaja hilo si kwa sababu mtu anaweza kusimama kwenye 32,000 na kuchagua upande. Hawezi, kwa kuwa mshahara wa kudumu unamwondoa kwenye Inua Jamii. Nalitaja kwa sababu linaonyesha wazi kwamba msaada mkubwa zaidi wa serikali kwa mapato ya watu wenye ulemavu unapanda pamoja na mshahara, hadi kikomo chake, huku wale wasiojiweza kabisa wakibaki na kiasi kisichosogea. Wapo wanaousifu msamaha huu kwa kuwatia watu wenye ulemavu hamu ya kazi rasmi, na sikatai, maana kazi huja na gharama ambazo mwenzake asiye na ulemavu hazijui: teksi pale ambapo matatu haina nafasi, msaidizi wa kusoma nyaraka, fimbo nyeupe ya pili baada ya ile ya kwanza kukanyagwa na bodaboda. Lakini mtu akiniuliza ni upande upi bei zinauma zaidi, jibu halina shaka.

Hesabu hiyo ina faida ya pili kwa familia zinazoogopa kazi. Kuna kaya inayopokea Inua Jamii ambamo kijana au mlezi amepewa nafasi ya kazi ya kudumu ya shilingi 25,000, na wazazi wanasita wasije wakafutwa kwenye orodha. Kwa mshahara huo hata bila cheti ushuru hauzidi shilingi 250, na elfu mbili zitakazopotea ni sehemu ndogo ya kitakachoingia. Kinachostahili kuhesabiwa kwa makini ni kama kazi hiyo italazimu kumlipa mtu wa kukaa na mgonjwa, kwa sababu ujira wa mlezi wa kuajiriwa unaweza kumeza nusu ya mshahara au zaidi. Swali liwe hilo, wala lisiwe lile la elfu mbili.

Baraza na vifaa vyake

Mlango wa tatu hautoi mapato ya kila mwezi, na anayeufuata kwa matumaini hayo atarudi amekasirika. Mfuko wa maendeleo ulio chini ya Baraza hulipa karo moja kwa moja kwa shule au chuo, hutoa vifaa kama viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe na vifaa vya kusikia, huwapa watu binafsi zana za kazi, na huvipa vikundi vya kujisaidia ruzuku za biashara ambazo si mkopo. Wenye ualbino wana mpango wao wa mafuta ya kujikinga na jua, yanayogawiwa kupitia hospitali. Kando yake upo Mfuko wa Kitaifa wa Walemavu wa Kenya, ulioanzishwa mwaka 1980, ambao nao hutoa vifaa na zana kwa watu binafsi na taasisi. Majina yanafanana mno, na wengi hupeleka barua kwa mmoja wakidhani wameandikia mwingine.

Kwa yule fundi cherehani wa mwanzo, na kwa jumla kwa mwenye ulemavu anayejitegemea mwilini lakini yumo katika jua kali, huu ndio mlango ulio na uwezekano mkubwa zaidi. Inua Jamii itamwambia kwamba hana ulemavu uliokithiri. Msamaha wa ushuru kisheria unamhusu, kwa kuwa amri ya 2010 inahesabu mapato yote na si mshahara pekee, lakini mwenye biashara isiyofika 24,000 kwa mwezi hapati faida yoyote kwa jasho la kuutafuta. Cherehani, kinyume chake, haipungui thamani bei ya unga inapopanda. Fundi hupandisha bei ya kushona, japo wateja wanune. Ubaya wake ni kwamba msaada huu huja mara moja, kikundi kinahitaji usajili, katiba yake na akaunti ya benki, na ruzuku ya kikundi hugawanyika kwa watu wengi. Ningemshauri mwenye ufundi aombe zana zake binafsi kabla ya kujiunga na kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kwa ajili ya ruzuku hiyo tu.

Anayeweza kupita kwa mlango wa jirani

Wapo watu wenye ulemavu ambao njia yao fupi haina jina la ulemavu kabisa. Mwenye umri wa miaka 70 na zaidi anaweza kuomba zile ambazo kila mtu huziita pesa za wazee, ambazo tangu 2018 ziliwekwa kwa wote waliofikia umri huo wasio na pensheni ya serikali. Kiasi ni kile kile, elfu mbili, lakini kinachothibitishwa ni umri ulio kwenye kitambulisho, na hakuna haja ya kubishana na mtu kama ulemavu ni uliokithiri au la. Kwa mzee aliyepooza baada ya kiharusi, mlango huu ni mwepesi kuliko ule wa ulemavu.

Kaskazini hali ni nyingine. Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir ndizo kaunti za kwanza za mpango wa kupambana na njaa unaosimamiwa na mamlaka ya kukabiliana na ukame, na kiwango chake ni shilingi 2,700 kwa mwezi, hulipwa 5,400 kila baada ya miezi miwili. Kaya yenye mtu mwenye ulemavu huko, ikiwa maskini kiasi cha kustahili yote mawili, haina sababu ya kung'ang'ania jina la ulemavu na kupoteza shilingi 700 za kila mwezi.

Vinavyokaa pamoja na visivyokaa

Msamaha wa ushuru na misaada ya Baraza havigombani: mwalimu asiyeona anaweza kuwa na cheti chake cha ushuru na bado akaomba kifaa cha kusomea. Inua Jamii na kifaa cha Baraza navyo hukaa nyumba moja, na mlezi anayepokea elfu mbili bila kuomba kiti cha magurudumu anaacha mezani kitu chenye thamani ya miezi mingi ya pesa zake. Visivyokaa pamoja ni Inua Jamii na mshahara wa kudumu, na vilevile aina mbili za Inua Jamii katika kaya moja. Kwa sababu hiyo nyumba yenye bibi wa miaka 72 na mjukuu mwenye mtindio wa ubongo haina budi kuuliza mapema, kwa afisa wa maendeleo ya jamii wala si kwa jirani, ni jina la nani litangulizwe. Mimi ningeegemea kwa mjukuu pale nafasi inapopatikana, kwa kuwa haki ya bibi imefungwa na uhai wake wakati uhitaji wa mjukuu utaendelea baada yake. Lakini ikiwa nafasi za ulemavu zimejaa na za wazee ziko wazi, aandikwe bibi leo, kwani mjukuu atakula kutoka sufuria ile ile.

Mlezi anayeandikwa achaguliwe kwa uangalifu. Akifariki, akiolewa mbali au akihamia mjini, pesa husimama hadi jina libadilishwe, na kubadilisha jina huanza tena kwa chifu. Aunti anayeishi pale pale kijijini, hata kama hajui kusoma, hufaa kuliko kaka aliye na simu nzuri anayefanya vibarua Mombasa.

Mzazi mwenye mshahara aliye na mtoto mwenye ulemavu yumo katika pengo baya kuliko wote niliowataja. Mshahara wake unamfungia Inua Jamii, na amri ya 2010 iliandikwa kwa ajili ya mapato ya mwenye ulemavu mwenyewe, si ya mzazi wake. Anachobaki nacho ni Baraza: karo, vifaa, na usajili wa mtoto tangu akiwa mdogo. Usajili huo ufanywe hata kama hakuna msaada unaotazamiwa mwaka huu, kwa sababu mtoto huyo akifika miaka 18 na kuchukua kitambulisho, kisha akapata kazi, kadi ya Baraza ndiyo karatasi ya kwanza atakayodaiwa siku anapoomba cheti cha ushuru kwa jina lake mwenyewe.